Kuku wanazubaa na hujui kinachowaua: anza na hesabu kabla ya dawa

Nenda duka lolote la dawa za mifugo, iwe karibu na soko la Kilombero hapa Arusha au Mbuyuni kule Moshi, sema kuku wako wanazubaa na wanaharisha. Utatoka na pakiti ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), vitamini ya kuchanganya na maji, na kama una hela ya ziada, dawa ya mafua. Muuzaji hajakosea sana. Umeomba dawa, amekupa dawa. Ila kuzubaa, kushusha mabawa, kusimamisha manyoya na kuharisha ni dalili za karibu kila kitu kinachoweza kumpata kuku. Mwenye kideri anazubaa, mwenye minyoo anazubaa. Kifaranga aliyelala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa kwa maturubai naye anazubaa, halafu anakufa, na OTC haiwezi kumsaidia chochote.

Magonjwa ya kuku hutenganishwa kwa maswali manne, na majibu yake unayo tayari, ni vile tu hujaulizwa. Wana umri gani? Wameugua wangapi kati ya wangapi? Imechukua siku ngapi tangu wa kwanza? Na wiki mbili kabla ya hapo kilibadilika nini? Chukua daftari, andika idadi ya waliokufa kila siku kwa tarehe. Mganga wa mifugo mzuri ukimpigia simu ataanza na hayo hayo, na ukimjibu "wengi tu wamekufa" hana pa kuanzia.

Umri

Vifaranga wa wiki ya kwanza mara nyingi huuawa na malezi. Joto la kulelea linatakiwa nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha lishuke nyuzi 2 au 3 kila wiki. Mwezi wa sita mpaka wa nane, kwa baridi ya Ngaramtoni au Machame, taa moja ya kawaida haifikishi hapo. Usitegemee kipimajoto peke yake, amka saa nane usiku uwaangalie walivyolala. Wakirundikana katikati, wana baridi, na asubuhi utakuta wa chini wamebapa kwa kulaliwa. Wakijitenga ukutani huku wakihema, joto limezidi. Wote wakiwa kona moja, tafuta upepo unakoingilia.

Kwa kuwa baridi ni kali, watu huziba kila tundu na kuingiza jiko la mkaa. Asubuhi wanakuta nusu ya vifaranga wamekufa, na waliobaki wanayumba. Mpasue mmoja: damu na mapafu yakiwa mekundu ya kung'aa kupita kawaida, ni hewa ya mkaa. Acha uwazi upande wa juu wa ukuta, hata kama roho inakuuma kupoteza joto.

Wenye tumbo kubwa na kitovu kibichi chenye harufu mbaya walitoka hivyo kwenye mashine ya kutotolea. Hapo wa kuzungumza naye ni aliyekuuzia. Na usiseme "pulorum", ule ugonjwa wa bakteria wa kuharisha kweupe, kwa sababu tu umeona uchafu mweupe umeganda kwenye haja. Weupe katika kinyesi cha kuku ni mkojo wake, na kifaranga aliyepigwa baridi naye huganda hivyo hivyo.

Kati ya wiki ya 3 na ya 6 wanakutana wawili wanaochanganywa kila siku, koksidiosisi na Gumboro. Koksidiosisi ni vimelea vinavyoishi kwenye utumbo na kukomaa kwenye maranda mabichi, kwa hiyo tafuta kwanza pale chini ya chombo cha maji. Chota maranda, yakamue kiganjani. Yakishikana na kuacha unyevu mkononi, una kiwanda cha koksidiosisi. Kinyesi huwa na damu, au rangi ya ugoro iliyochanganyika na ute, na vifaranga wanapauka upanga wa kichwani na miguu. Gumboro ni virusi. Kundi lililokuwa zima jana leo linatetemeka, linaharisha maji meupe, na baadhi wanajidonoa wenyewe sehemu ya haja.

Daftari linawatenganisha vizuri kuliko macho. Vifo vya Gumboro hupanda haraka, hufika kileleni siku ya 3 au ya 4, kisha hushuka vyenyewe ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo sababu antibiotiki ina sifa isiyostahili: mtu anainunua siku ya nne, vifo vinapungua siku ya tano, na mtaa mzima unaambiwa dawa fulani ni kiboko. Koksidiosisi haishuki hivyo kama maranda bado ni mabichi.

Dawa ya koksidiosisi iliyozoeleka ni ampuroliamu. Kiwango cha kutibu ni asilimia 0.024 ya dawa halisi kwenye maji. Kwa unga wa asilimia 20, hiyo ni gramu 1.2 kwa lita, yaani gramu 24 kwa ndoo ya lita 20, siku 3 hadi 5. Kisha punguza hadi robo, gramu 6 kwa ndoo, wiki moja au mbili. Lebo ya pakiti yako ikisema tofauti kwa sababu nguvu ya unga ni tofauti, fuata lebo. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, maana kijiko cha chai hakina uzito mmoja kwa kila unga. Jambo ambalo halisemwi dukani ni kwamba ampuroliamu inafanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1. Ukimpa kuku mchanganyiko wa vitamini wenye B1 siku hizo hizo, unaipunguza makali dawa uliyoinunua. Vitamini zisubiri kozi iishe.

Kuanzia kama wiki ya 10 mpaka wanapokaribia kutaga, kuku mmoja mmoja akianza kuchechemea, kisha akalala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huku anakula ukimsogezea chakula, fikiria mahepe. Hausambai kwa siku mbili kama kideri. Unachukua mmoja wiki hii, wawili wiki ijayo. Hauna tiba, na chanjo yake hutolewa siku kifaranga anapoanguliwa, kwa hiyo ukinunua chotara wa wiki nne kwa mchuuzi wa barabarani, muulize kama walichanjwa mahepe huko walikoanguliwa. Kifaranga mdogo aliyekunja vidole vya miguu kwa ndani ni habari nyingine, huyo hukosa vitamini B2, na akiwahiwa anapona.

Kideri na kinyesi cha kijani

Kideri, wengine wanauita mdondo, hauchagui umri. Kundi lisilochanjwa linaweza kuisha karibu lote. Wanahema kwa mdomo wazi, uso unaweza kuvimba, wanaharisha kijani, na wanaobaki hai unawaona siku kadhaa baadaye wakipinda shingo au kuzunguka mahali pamoja. Dalili hutokea kwa kawaida siku 5 au 6 tangu kuambukizwa, ingawa ni kati ya 2 na 15. Hesabu nyuma. Krismasi Uchagani kila nyumba inapokea wageni na kuku wa kuchinja kutoka minadani, wale wa Singida waliosafiri kwenye matenga wakiwamo, na anayebaki bila kuchinjwa huachiwa achanganyike na wa nyumbani. Kuku wako wakianza kuanguka kabla mwaka mpya haujakaa sawa, jibu huenda liko kwenye tenga. Mgeni akae peke yake wiki 2 hadi 3, na ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji.

Ila kijani peke yake si ushahidi. Kuku yeyote ambaye hajala siku mbili hutoa kinyesi cha kijani kibichi, kwa sababu tumboni kumebaki nyongo tupu. Mshike gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Likiwa tupu na kuku amekonda, kijani kinakuambia tu kwamba hajala, hakikuambii kwa nini. Watu wengi wameua kundi zima kwa kisu wakidhani ni kideri, kumbe ni homa ya matumbo ya kuku, au ni chombo cha maji kilichoziba.

Kuchanja katikati ya mlipuko nako hakuokoi waliokwisha ambukizwa, maana kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujijenga. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja kwenye jicho, irudiwe kila miezi 3, ipewe kuku wazima. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo lililoifanya ipendwe vijijini, lakini haivumilii kukaa juani kwenye kioo cha gari. Ukitumia chanjo ya kunywesha, maji ya bomba yenye klorini huiua kabla haijafika mdomoni. Weka gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita dakika chache kabla, na kuku wamalize ndani ya saa mbili. Wakipiga chafya kidogo siku 3 hadi 5 baada ya chanjo hai, waache, hayo ni matokeo ya chanjo.

Lishe, ambako wengi hawaangalii

Kuku wa mjini aliyefungiwa Njiro au Pasua, analishwa pumba ya mahindi meupe na mashudu ya alizeti, hana mahali pa kupata vitamini A. Baada ya miezi kadhaa jicho linaanza kutoa machozi, kope zinagandana, na ukizifungua unakuta kitu cheupe kigumu kimejaa chini ya kope. Mtaani jina lake ni "mafua", na antibiotiki zinamiminwa mwezi mzima. Fungua mdomo. Vipele vidogo vyeupe kwenye kaakaa na kooni vinaelekeza kwenye vitamini A. Utando mnene ulioshikana na nyama, ambao ukiukwangua unatoka damu, ni ndui ya ndani, na kwa kawaida utaona na vigaga kwenye upanga wa wenzake. Mafua yenyewe ya kuku huja kwa kasi, ndani ya siku 1 hadi 3 tangu kukutana na mgonjwa, uso unavimba, na makamasi yananuka vibaya kiasi kwamba unayasikia ukifungua tu mlango wa banda. Kwa vitamini A tiba iko shambani: mchicha, majani ya maboga, sukuma wiki, kila siku, pamoja na vitamini ya dukani kwa kuanzia. Toa ule uchafu jichoni taratibu kwa maji ya uvuguvugu, maana majani hayataufikia.

Kuku wakinywa maji kupita kiasi na kinyesi kikawa maji matupu bila homa wala vifo vingi, onja dagaa. Ndiyo, mtafune mmoja. Dagaa wa Ziwa Victoria huanikwa bila chumvi, tatizo lao ni mchanga. Wale wa bahari wanaotoka Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Chakula cha kuku kinahitaji chumvi gramu 300 hadi 500 tu kwa kilo 100. Mchanganyaji akiweka kiasi hicho halafu akaongeza dagaa wa chumvi, vifaranga ndio wanaoumia kwanza, na ukimpasua utakuta maji tumboni.

Sumukuvu ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na mahindi yanayokataliwa na binadamu ndiyo yanayoishia kwenye pumba. Kuku hawafi kwa mkupuo. Wanadumaa, mayai yanapungua, chanjo zinaonekana kama hazishiki, na kila ugonjwa mdogo unawaangusha. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Njia rahisi ya kujua ni kutoa gunia lote na kuwalisha kutoka chanzo kingine kwa siku 10, huku ukiandika mayai na vifo. Kama unao wa kutosha, gawanya kundi mara mbili, nusu wabaki na chakula cha zamani.

Kuhusu floraidi kwenye maji ya huku Meru, inayotia meno rangi ya kahawia: kuku wanaivumilia kuliko ng'ombe. Usiyashitaki maji kabla ya kukagua gunia.

Sumu za shambani ziko wazi zaidi. Vifo vya saa chache, wanaokufa kwanza ni walafi na wenye afya, magole yamejaa. Ukikuta hivyo, uliza nani amenyunyizia mboga au kahawa leo, nani ametega sumu ya panya. Shingo ikiwa imelegea kabisa, kuku akishindwa hata kuinua kichwa huku macho yako hai, tafuta mzoga uliooza. Walidonoa funza wake.

Usiku na tochi

Mchana kuku huficha ugonjwa. Nenda bandani kama saa tatu usiku, zima tochi, nyamaza dakika mbili usikilize. Kukoroma, kukwaruza na chafya ambazo mchana zilimezwa na kelele utazisikia moja moja, na unaweza kuhesabu ni wangapi. Kisha chukua kitambaa cheupe, ukipitishe kwa nguvu chini ya fito wanazolalia na kwenye nyufa za mbao. Kikitoka na michirizi myekundu, umepata utitiri unaotoka usiku kunyonya damu na kurudi ufani asubuhi. Kuku mwenye upanga uliopauka, anayekataa kuingia bandani jioni na aliyeacha kutaga, mara nyingi ndiye huyu. Kumpulizia dawa kuku peke yake hakusaidii, dawa iingie kwenye nyufa na irudiwe baada ya siku 5 hadi 7, maana mayai huanguliwa.

Ukiwa hapo shika kila mmoja. Papasa mfupa wa kidari; ukikata kiganja kama kisu huku gole limejaa, anakula na kitu kingine kinafaidi, anza na minyoo. Inua bawa, angalia chini ya haja kama kuna chawa na mayai yao yamegandana kwenye mashina ya manyoya. Usishtuke ukikuta kinyesi cha kahawia, chepesi, chenye kunata na harufu kali kati ya vile vya kawaida. Hicho hutoka utumbo mpofu, kila kuku mzima hukitoa mara kadhaa kwa siku.

Kumpasua

Wakifa wengi kwa ghafla bila maelezo, acha kisu na umpigie afisa mifugo wa kata, maana baadhi ya magonjwa haya humpata na binadamu. Vinginevyo, vaa glavu na barakoa, fanya nje, mbali na jiko. Mloweshe kuku kwa maji ya sabuni ili manyoya yasipeperuke, mlaze chali, vunja viungo vya mapaja vitulie, chana ngozi kutoka kwenye haja mpaka kidevuni, inua kidari. Tazama kwanza kabla ya kugusa.

Michirizi ya damu kwenye nyama ya mapaja, na kale kafuko kadogo juu ya haja kamevimba, ni Gumboro. Ini kubwa linalogeuka rangi ya shaba yenye ukijani likipigwa na hewa, na wengu uliovimba, ni homa ya matumbo. Ini la njano linalovunjika kirahisi linakurudisha kwenye gunia, na kwa tetea mnene anayelishwa mahindi matupu likiwa na bonge la damu juu yake, ni mafuta yaliyopasua ini. Utumbo mpofu uliojaa damu ni koksidiosisi. Chana tumbo dogo lililo mbele ya firigisi: vidoa vya damu hapo vinaelekea kideri, ingawa kutokuviona hakukiondoi. Mwisho linganisha neva za mapaja mawili. Moja ikiwa nene na ya kijivu kuliko nyenzake, ni mahepe.

Ukibaki na shaka, Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo Arusha, na kutoka Moshi ni kilomita kama 80. Peleka wawili au watatu, bora wagonjwa walio hai au waliokufa muda si mrefu. Waliokufa wafungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, wawekwe kwenye barafu, wasigandishwe kwenye friza, kwa sababu kuganda huharibu nyama inayotakiwa kuangaliwa. Ongeza nusu kilo ya chakula na nakala ya daftari lako. Kama tayari umewapa antibiotiki sema, tena taja siku, kwani bakteria wanaweza wasioteshwe. Wakioteshwa, uliza ni dawa gani ziliwaua na zipi zilishindwa.

Ukisubiri majibu, toa maji safi na watenge wagonjwa. Kumbuka tetea 100 wazima hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku, na mgonjwa hunywa pungufu ya hapo, kwa hiyo dawa ya kwenye maji humfikia kidogo yule anayeihitaji sana. Mayai ya siku za dawa yasiuzwe wala kuliwa mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo uishe. Mizoga izikwe kina cha mita moja na chokaa juu, si kutupwa mtoni. Na kama jibu ni koksidiosisi, usitegemee dawa ya kusafishia banda, mayai ya vimelea hivyo yana ganda gumu na dawa nyingi za kawaida haziyaui. Toa maranda yote, sugua, acha sakafu ikauke kabisa kwa jua, na inua chombo cha maji mpaka usawa wa mgongo wa kuku ili asimwage tena.